Dawa ni 1,400. Mbona Nimelipa Karibu 2,000?

Wasee, kuna risiti iko hapa mezani tangu Jumamosi na nimeshindwa kuitupa. Nimeipiga picha, nimeikunja, nimeikunjua, nimeihesabu mara nne na kalkuleta ya simu. Kila mara jibu ni lile lile. Tulichapwa kwa heshima, tena na tabasamu na kitambaa cha moto cha kupangusa mikono.

Risto ni hii. Beshte yangu alikuwa anafikisha miaka 24. Huyu ni mtu tumetoka naye mbali, tumekula chapo moja watu wawili tukiwa chuo, amenilipia rent mwezi mmoja bila kunikumbusha hata siku moja. Nikasema mwaka huu hatuendi kwa ile lokal yetu ya Umoja penye kila kiti kina mguu mmoja mgonjwa. Mwaka huu na yeye ataketi juu, kwa baa ya hoteli kubwa, aone Nairobi ikiwaka taa huku chini.

Na kabla mseme sikujipanga, nilijipanga. Nilitafuta menyu mtandaoni siku tatu mapema. Nikaandika kwa noti za simu: Dawa mbili, kila moja 1,400. Kokteli ya tatu ya kugawana, 1,600. Mabawa ya kuku, 1,100. Maji ya chupa, 500, ambayo hata hiyo nilimeza mate mara mbili kabla ya kuiandika. Jumla 6,000. Nikaweka 7,000 kando, hiyo ngiri moja iwe ya tip na ya kurudi nyumbani. Ni pesa ya kazi mbili za kuhariri video za watu. Mmoja wao alilipa baada ya kukumbushwa wiki tatu.

Tulikunywa polepole. Tukapiga picha. Beshte yangu akalia kidogo, akasema hajawahi kufanyiwa birthday hivyo. Ilikuwa usiku mzuri kabisa, na hilo ndilo linaniuma, kwa sababu sasa nikiukumbuka naona namba.

Bili ilikuja ndani ya kijitabu cha ngozi. Vitu tulivyoagiza, 6,000. Chini yake, "service charge" asilimia 10, yaani 600. Chini yake, VAT asilimia 16, lakini imepigwa juu ya 6,600 na si 6,000, kwa hivyo 1,056. Chini yake, ushuru wa utalii asilimia 2, yaani 120. Jumla, 7,776.

Nikatoa kadi. Mhudumu akaileta ile mashine, akaigeuza upande wangu. Kwenye kioo kulikuwa na vitufe vitatu vikubwa vya rangi ya kijani: 10, 15, 20. Kuongeza tip. Kitufe cha kukataa kilikuwa kule chini, kidogo, cha kijivu, ni kama kimeekwa hapo kikiwa na aibu. Mhudumu amesimama, anaangalia pembeni kwa adabu. Beshte yangu ananiangalia mimi. Mmama wa meza ya pili naye, kwa mawazo yangu, alikuwa ananiangalia. Nikabonyeza 10.

Asilimia 10 ya nini? Si ya 6,000. Ya 7,776. Mashine ikachukua tip juu ya vinywaji, juu ya VAT, juu ya ushuru wa utalii, na juu ya ada ya huduma yenyewe. Tip juu ya tip, manze. 777.60. Jumla kuu: 8,553.60.

Piga hesabu ya Dawa moja peke yake. 1,400 ya menyu, ukipitisha hizo hatua zote, inatoka 1,995.84. Tulirudi na mat, mabeshte wawili wamevaa viatu vya kukopa, tumesimama stage saa nne usiku tukinuka asali na ndimu.

Wacha niseme kitu kuhusu hiyo Dawa, kwa sababu inanihusu kama Mkenya. Dawa ni kokteli yetu. Watu wengi waliijulia Carnivore, pale Lang'ata, ambayo imekuwa ikichoma nyama tangu 1980. Ndani kuna vodka, ndimu, sukari, barafu, na asali kwenye kijiti cha kukorogea. Basi. Hakuna siri ya mababu hapo. Tuseme chupa ya vodka ya 750ml ni 2,000. Ukimimina 50ml kila glasi, na hiyo ni kumimina kwa roho safi, chupa inatoa glasi 15. Ni kama 133 kwa glasi. Ndimu, asali, sukari, barafu na kijiti, weka 70, na hapo nimewahurumia. Jumla 200 na kitu. Menyu inasema 1,400.

Sasa najua mdomo wako umeshafunguka kuniambia "unalipia mandhari". Sawa. Nakubali, kweli. Ile hoteli inalipa ardhi, walinzi, lifti, DJ, stima ya friji, mtu wa kufua vile vitambaa vya moto. Bei ya 1,400 nilikuwa nimeikubali. Niliiona nikiwa kitandani kwangu siku tatu kabla, nikasema ni ghali, ni mara moja, twende. Hakuna mtu alinishikia panga. Kama wangeandika Dawa ni 2,000 pia ningeamua mwenyewe, pengine tungekunywa moja moja na kula mabawa nyumbani. Hasira yangu haiko kwa 1,400. Iko kwa ile 600 na ile 1,056 na ile 120 na ile 777.60, ambazo zilikuwa zinanisubiri gizani mpaka nimalize glasi.

"Lakini imeandikwa kwa menyu." Ndiyo, nilirudi kuitafuta. Menyu yao ni ya kuskani kwa simu. Unapita visa vya mpishi, unapita divai, unapita sehemu ya sigara, unapita keki, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo za kijivu juu ya rangi ya maziwa, wameandika kwamba bei hazijumuishi ushuru wala ada ya huduma. Kwenye baa ambayo mwanga wake wote ni mshumaa mmoja kila meza. Mtu aliyechagua hiyo rangi ya herufi alijua anachofanya.

Fikiria mama wa kibanda akifanya hivyo. Umekula chapo mbili na madondo, umeona ubao umeandikwa chapo 20. Unatoa pesa, anakwambia ngoja, kuna ada ya kugeuza chapo, kuna ya moshi, halafu kuna ya mimi kukusalimia ulipoingia, na juu ya hizo zote utaniongeza ngapi? Watu wangegeuza hiyo meza. Supamaketi pakiti ya unga ikiandikwa 180 kwa rafu, kwa kaunta ni 180, na VAT ya kila kitu kinachotozwa iko ndani tayari. Mtu wa duka la mtaa anaweza, supamaketi inaweza, mat ya Umoja inaweza kukwambia bei nzima kabla hujapanda. Ni hoteli ya nyota nyingi peke yake ndiyo haiwezi kujumlisha.

Na sheria iko, hii sijaitoa hewani. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinasema mtoa huduma asikutoze ada, iitwe jina lolote, kama haukujulishwa kabla ya kutozwa au kabla ya kupewa hiyo huduma. Na kwamba una haki ya kuambiwa ada zote anazokusudia kukutoza. Katiba nayo, kifungu cha 46, inakupa wewe mnunuzi haki ya kupata habari unazohitaji na kulindwa kiuchumi. Wakili wa hoteli atasema mstari wa kijivu ni kujulisha. Mimi nasema kama umejulisha mtu kweli, hungoji mpaka akiwa na kadi mkononi ndio ashtuke. Ofisi ya Mamlaka ya Ushindani inapokea malalamiko kama haya ya wateja, na yangu nimeshaanza kuandika.

Lakini hiyo si sehemu iliyonifanya nikose usingizi. Nisikilizeni hapa.

Yule dada aliyetuhudumia alitusindikiza mpaka kwa lifti. Alikuwa mzuri, aliona viatu vya beshte yangu vinamuuma akamletea kiti kingine cha kuegemeza miguu bila kuombwa. Tukingoja lifti nikamwambia, kwa kujishaua kidogo, "Nimekuwekea tip kwa mashine." Akacheka, ile kicheko cha pua. Akaniambia, "Asante madam, lakini ya mashine inaingia kwa akaunti yao. Tunaambiwa itagawanywa mwisho wa mwezi." Nikauliza, na ile 600 ya kwa risiti? Akaangalia nyuma kwanza. "Hiyo mimi hata sijui huenda wapi. Nimekuwa hapa mwaka na miezi. Mkitaka kunisaidia, siku nyingine nipeni mkononi." Lifti ikafunguka. Akasema "karibuni tena warembo" kwa sauti ya kazi, kwa sababu meneja alikuwa anapita.

Sasa niunganishe hiyo na kitu ambacho wengi hawajui. Sheria ya VAT ya 2013 inaitambua ada ya huduma. Inasema, kwa lugha yetu, kwamba ada ya huduma inayolipwa BADALA ya tip haiingizwi kwenye hesabu ya VAT, mradi isizidi asilimia 10 ya bei, na iwe inagawiwa wafanyakazi moja kwa moja, kwa makubaliano ya maandishi kati yao na mwajiri. Soma tena polepole. Badala ya tip. Moja kwa moja kwa wafanyakazi.

Rudi kwa risiti yangu. Walinipiga VAT kwa 6,600. Yaani ile 600 ya ada ya huduma nayo ilitozwa VAT, 96 bob. Mimi naona maelezo mawili tu. La kwanza, mhasibu wao amekosea na kila meza, kila usiku, inatozwa VAT ambayo haikufaa kutozwa. La pili, hoteli inajua vizuri kwamba hiyo pesa haigawiwi wafanyakazi vile sheria inavyotaka, kwa hivyo imeihesabu kama mapato yake ya kawaida. Niambieni nichague lipi. Risiti yao wenyewe ndiyo imeropoka, mimi nimesoma tu.

Na hata tukiwapa ile ya kwanza, bado kuna swali. Kama ada ya huduma iko badala ya tip, mashine inaniomba tip ya nini? Ile skrini ya 10, 15, 20 imetolewa Marekani ikaletwa hapa na koti lake lote. Kule, sheria ya taifa inaruhusu mwajiri amlipe mhudumu anayepokea tip dola 2.13 kwa saa, na hiyo namba haijasonga tangu 1991. Mteja ndiye anamaliza mshahara wa mhudumu. Ni mfumo mbaya, lakini angalau kila mtu kule anaujua. Hapa kwetu hakuna sheria ya kumlipa mhudumu chini ya wengine eti kwa sababu ana tip. Sisi tumechukua skrini ya Wamarekani, tukaweka juu ya ada ya huduma ya Waingereza, tukaongeza herufi za kijivu zetu wenyewe.

Nimefanya hii kazi, kwa hivyo siongei kama mtu wa kupita. Mwaka wa pili wa diploma yangu nilifanya atachimenti ya miezi mitatu kwa hoteli moja kubwa ya Pwani. Jina sisemi. Kule ada ya huduma ilikuwa inagawanywa kwa pointi. Kila mwisho wa mwezi karatasi inabandikwa kwa ubao karibu na jikoni ya wafanyakazi, na watu wanasongamana kama matokeo ya KCSE. Juu kabisa jumla ya mwezi. Halafu makato. Glasi zilizovunjika, zinatolewa hapo. Vijiko vilivyopotea, hapo. Mteja aliyetoroka na bili, hapo. Mwezi mmoja nakumbuka kulikuwa na mstari wa sherehe ya wafanyakazi, ile sherehe tuliyoambiwa ni zawadi ya menejimenti. Kinachobaki ndicho kinagawanywa, na wakubwa wa ofisini ambao hawajawahi kubeba trei wana pointi nyingi kuliko mtu wa trei. Sisi wa atachimenti tulikuwa sufuri, hiyo ilikuwa wazi. Kuna mzee mmoja wa baa, tulikuwa tunamwita Mzee Barafu, alikuwa na miaka zaidi ya 20 pale. Alikuwa haendi hata kuangalia ubao. Anakausha glasi zake, anasema, "Mwanangu, hiyo ni barua ya rambirambi."

Kuna hoteli zinagawa vizuri, na najua watu wanaofanya huko, na ukiwauliza wanakwambia namba kamili bila kuangalia nyuma. Hizo zipewe heshima zao. Unaona tofauti? Kule mhudumu hajui aibu ya kuulizwa.

Kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa 2024 kwa kibarua wa kawaida Nairobi ni 16,113.75 kwa mwezi. Bili yetu ya Dawa mbili, kokteli moja, mabawa na maji ilipita nusu yake. Nikiweka hizo namba mbili pamoja nashindwa kumkasirikia mhudumu hata kidogo, na wale wanaoandika "wahudumu wa siku hizi wanapenda tip sana" naomba mniondokee hapa.

Sasa sehemu yangu, maana si haki nichape wengine nijiruke.

Mimi nimewahi kualikwa kwa baa kama hizi. Mara tatu. Wanakuandikia vizuri, "tunapenda kazi yako", unaenda na mtu mmoja, mnapewa kokteli mbili za bure kila mtu na sahani ya vitu vidogo vidogo. Unachukua video ya glasi, video ya jua likizama, unasema "lazima uje hapa wikendi hii". Sikuwahi kusema bei. Hata mara moja. Sikuijua, kwa sababu bili haikuletwa kwangu. Tena nilijiona nimeomoka.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniandikia. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliniambia aliona video yangu, akampeleka dem wake pale, alikuwa na 5,000 kwa M-Pesa na alikuwa amehesabu vinywaji viwili viwili. Bili ikazidi. Ilibidi aache simu yake kwa kaunta, aazime simu ya dem kumpigia brathe yake saa tano usiku atume ngiri moja na soo tatu. Dem alikuwa mpole kuhusu hiyo story, akasema. Lakini hajamwona tena. Aliniuliza tu, "Kwani wewe hukulipa ada?" Sikuwa na jibu la kumpa, nikamwandikia pole, na ile pole ilionekana ndogo sana kwa skrini.

Kwa hivyo video hizo tatu nimezitoa. Kuanzia leo nikialikwa mahali, nitaomba bili iprintiwe kama ya mteja wa kawaida, na mtaiona yote mpaka mstari wa mwisho. Wakikataa, basi sina video. Wenzangu mnaofanya hii kazi, mnajijua, nami siwataji. Lakini mtu wa miaka 19 anayeona glasi yako hajui kwamba wewe ulikunywa bure.

Na kama hujafika 18, baa si yako na sikutumi huko, lakini usidhani hii haikuhusu. Mokteli ya juisi ya passion na majani mawili ya minti niliiona kwa menyu hiyo hiyo kwa 950, na inapitia mlango ule ule wa ada. Milkshake pia. Brunch ya Jumapili ambayo mnachangiana watu sita halafu mmoja anabaki akilia kwa choo kwa sababu michango haikutosha, hiyo pia.

Jibu ninalopata zaidi, najua litakuja hapa chini dakika mbili nikishaweka hii, ni "kama huna doo usiende". Nimelisikia sana hata sasa linanichosha zaidi ya kunikasirisha. Nilikuwa na doo. Nilikuwa na 7,000 kwa kitu kilichoandikwa 6,000. Ukiniambia nisiende, unamaanisha hizo baa ni za watu ambao hawahitaji kusoma risiti, na sisi wengine tukiingia tujue tutalipa kodi ya kushtuka. Tajiri naye anaibiwa pale, ni vile tu haangalii. Na ukweli ni kwamba anayesema hivyo mara nyingi ni mtu wa umri wangu, mshahara wangu, ambaye Ijumaa iliyopita alibonyeza kitufe cha kijani kwa sababu ya aibu kama mimi, na sasa anataka hiyo aibu iwe ya mtu mwingine.

Ninachotaka ni kidogo. Andika bei moja, nzima, ile nitalipa. Kama Dawa ni 1,814 na ushuru wote na ada yote, iandike 1,814 na usiniletee hesabu ya darasa la saba mezani. Kama unatoza ada ya huduma, toa skrini ya tip. Na bandika kwa mlango, si kwa ubao wa jikoni, hiyo ada inaenda kwa nani.

Wengi mmeniomba jina la hoteli. Sitalitoa, na sababu si woga wa wakili. Ile zamu ya Jumamosi ilikuwa na wahudumu wanne. Nikisema hoteli, nikisema usiku, meneja atajua ni nani alisimama na sisi kwa lifti. Mimi nitapata views, yeye atapata barua. Kwa hivyo nimebadilisha vitu viwili vitatu kumhusu, na msinitafutie.

Jana nilirudi peke yangu. Saa kumi jioni, baa haina watu. Nikaagiza soda moja, na kabla haijaletwa nikamuuliza kijana wa kaunta, kwa sauti ya kawaida, hiyo ada ya huduma ni lazima? Akasema subiri, akamwita meneja. Meneja akaja na tabasamu, nikamuuliza tena. Nilikuwa nimejitayarisha, nina kifungu cha 56 kwa simu, moyo unadunda kama nimeiba mimi. Akasema, "La hasha, madam, hiyo ni kwa hiari ya mgeni." Akaigusa mashine mara mbili, ikatoka. Haikuchukua hata dakika. Kwa hiari! Kumbe Jumamosi yote ile 600 ilikuwa ni hiari, na hakuna aliyeona haja ya kuniambia.

Nikamaliza soda. Yule dada alikuwa anaanza zamu. Nikamwomba namba yake tukiwa kwa korido ya choo, nikamtumia 600 moja kwa moja, zile za Jumamosi. Nikiwa kwa stage simu ikalia.

"Imefika dada. Leo nimelipa fare ya wiki."